Kitanda cha Nyuma ya Pazia

Ukimtaka Kipaza hukuwa na haja ya kuuliza nyumba. Ulisimama tu ukatega sikio. Sauti inatangulia, mwenyewe anafuata nyuma. Jina hilo alipewa kabla hata hajakabidhiwa kile chombo cha kupazia sauti, na alipokabidhiwa watu walisema huko ni kummwagia mafuta mtu ambaye tayari anawaka.

Kazi yake ilikuwa kuita wanawake. Zahanati ya mtaani kwao ilikuwa imepata utafiti, utafiti wa ile saratani inayoota kwenye mlango wa kizazi, na watafiti walitaka wanawake waje wapimwe mapema, kidonda kabla hakijawa kidonda. Sasa mwanamke mwenye akili zake hawezi kuacha nguo zake kwenye beseni akaenda kujifunua mbele ya watu asiowajua, eti kwa sababu karatasi imebandikwa ukutani. Karatasi haina macho. Alitakiwa mtu. Na mtu mwenyewe ndiye huyo.

Alisimama sokoni, kisimani, nje ya kiwanda cha sabuni wafanyakazi wanapotoka, na akimaliza kukohoa anaanza:

"Mama zangu, dada zangu! Ugonjwa huu haubishi hodi! Unaanza na madoa tu, mepesi, hayaumi, hayatoi damu, huna habari nayo. Ukiyakuta hapo yanatolewa, unaenda zako nyumbani. Ukiyaacha yakakaa miaka, mimi usiniulize, waulize waliolazwa mchangani! Unapakwa siki, siki hii hii ya jikoni. Pazima panabaki na rangi yake, penye hitilafu panageuka peupe. Basi! Dawa zake ni mbili, moja ya kugandisha kwa baridi, nyingine ya kuunguza kwa joto. Ipi inatufaa zaidi sisi? Hiyo ndiyo wanayoitafuta. Na bahasha iliyofungwa, kama ya kura, ndiyo itakayokuchagulia, si daktari, si mimi, wala si shemeji yako!"

Wanawake wanacheka. Lakini hakukosekana mmoja wa kuuliza, "Na wewe mwenyewe je? Umepimwa?"

"Mimi?" Hapo ndipo alipoinua kidevu. "Mimi ndiye wa kwanza kulala kwenye kitanda kile! Wewe unauliza nini? Ni kama kusuuza glasi. Unaingia, unatoka, unawahi kupika."

Maneno hayo yalipendwa. Yalizunguka mtaa mzima mpaka watoto wakawa wanaambiana wakioga, "Tulia wewe, ni kama kusuuza glasi." Wanawake walikwenda kwa makundi, na kila aliyetoka alimpungia mkono Kipaza kwa mbali kama mtu aliyesaidiwa kuvuka mto.

Na ulikuwa uongo mtupu. Kipaza hakuwahi kulala kwenye kitanda kile hata siku moja.

Uongo wenyewe ulianza mdogo kama punje. Profesa mwenye utafiti, mzee mmoja mwenye shati la mikono mirefu hata jua liwake vipi, alikuja akawakusanya wanawake akasema anamtaka mmoja wa kuwaita wenzake, ila awe ameshapimwa, maana mtu haongoi watu kwenye njia asiyoijua. Kipaza aliitaka ile kazi. Alikuwa mjane, tena mjane mwenye domo, na domo halijawahi kumpatia mtu kazi mpaka siku ile. Akanyoosha mkono. "Nilishapimwa huko nilikokuwa naishi zamani." Moyoni akasema, kesho nitakwenda kimya kimya nipimwe, na uongo utakuwa umegeuka kweli, nani atajua?

Kesho ikawa kesho kutwa. Si kwamba alisahau. Dada yake mkubwa alikuwa amekufa kwa ugonjwa ule ule, na Kipaza ndiye aliyemuuguza. Aliosha yale mashuka. Alifungua madirisha asubuhi na kuyafunga jioni na chumba kikabaki na harufu ile ile. Ndiyo maana alijua kuwaita wengine kwa sauti ile inayokwaruza roho, na ndiyo maana miguu yake yenyewe ilikataa. Kuwaambia watu kuna madoa ni rahisi. Kwenda kuangaliwa kama unayo ni kitu kingine kabisa.

Wakati anajivuta, muuguzi wa makamo aliyekuwa akipima, mama mtulivu wa mikono mizito, akastaafu. Akaletwa tabibu mpya, kijana, mwenye adabu, hodari wa kazi. Wanawake wakamwita Daktari na wakamzoea. Mwaka haukupita, Daktari akamposa binti wa Kipaza.

Hapo mlango ukafungwa kwa nje. Maana atajivua nguo mbele ya nani? Mbele ya mkwewe? Mwanamume aliyemwoa mwanawe, anayeinamisha uso akimwamkia, ambaye hata kiti alichotoka kukikalia mama mkwe hakikalii? Potelea mbali. Heri ufe ukiwa umefunikwa.

Na kama haikutosha, binti alimtoa mama yake kwenye chumba cha kupanga, akamweka chumba cha uani nyumbani kwao. Nyumba nzuri, ya matofali, lakini mlango wa kutokea ni mmoja, na ua ni mmoja. Mkwe akitaka kupita uani lazima akohoe kwanza, ili mama akae sawa, ajifunge vizuri. Kikohozi kile Kipaza alikijua kuliko sauti ya mtu mwenyewe. Tangu harusi, maneno yaliyopita baina yao yalikuwa "Shikamoo mama," "Marahaba baba," na siku za mvua, "Leo mvua." Hospitali nyingine ilikuwepo, ya mbali, lakini ataaga nini? Binti yake angesema, "Mama unaumwa? Subiri mume wangu akuangalie." Akienda kwa kuiba, ataonwa tu. Mtu mwenye sauti kama yake huonwa hata akinyamaza.

Basi akakaa humo ndani ya uongo wake kama mtu aliyeingia kwenye gunia akalifunga mwenyewe kwa ndani. Akawa anaita watu. Kila alivyowaita ndivyo gunia lilivyozidi kubana.

Halafu Profesa akaja na jipya. Wote waliopimwa mwanzoni mwa utafiti warudi waangaliwe tena. Lazima ijulikane waliokuwa salama kama bado wako salama, na waliotibiwa kama madoa yamerudi. Wasiporudi, alisema, utafiti wote utakuwa umetwanga hewa.

Kipaza akatoka na chombo chake. Safari hii wanawake wakawa wazito. Kupimwa mara moja ni sawa, lakini kurudi tena! Msemaji wao alikuwa Mama Mkaa, mwanamke wa miraba minne aliyeuza mkaa kwenye kona, shoga yake Kipaza wa miaka mingi, mtu asiyeogopa kiumbe.

"Sisi tunakuja," Mama Mkaa akasema, mikono kiunoni. "Ila wewe si ndiye wa kwanza? Basi wa kwanza atangulie. Ukitoka, naingia mimi. Usipoingia, haingii mtu."

"Mimi ni mfanyakazi pale, bwana, nitapimwa saa yoyote."

"Saa yoyote ndiyo hiyo kesho asubuhi. Au glasi imepasuka?"

Wakaangua kicheko. Kipaza naye akacheka, kicheko cha meno tu.

Asubuhi yake akawakuta wameshajaa. Ukumbi wa zahanati ile ulikuwa mwembamba, benchi moja limegandamizwa ukutani, na ukipita magoti ya waliokaa yanakugusa. Mwisho wa ukumbi mlango mmoja wa bluu, rangi imebanduka pale mikono inapousukuma. Ndani yake pazia, na nyuma ya pazia kitanda. Kipaza alikuwa ameufikia mlango ule mara zisizo na idadi akileta watu. Pazia hakuwahi kulivuka.

"Haya wa kwanza," Mama Mkaa akamsukuma mgongoni kwa upendo, na upendo wa Mama Mkaa unaweza kukuangusha. "Nenda kasuuzwe!"

Akaingia. Mlango ukafungwa nyuma yake. Mkwewe alikuwa anaosha mikono, mgongo huku. Akageuka, akamwona. Wote wawili wakabaki kama watu walioshikwa na wenye nyumba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Huko nje mtu akasema kitu, watu wakacheka. Ukuta ulikuwa mwembamba kama karatasi. Kipaza akatazama pazia. Akatazama dirisha, lina nondo. Akatazama sakafu. Jasho likaanza kumtiririka kutoka kwapani mpaka kiunoni, na mkwewe aliona lakini hakuona, ndivyo adabu ilivyo.

Kijana yule hakuuliza kitu. Akakohoa, kile kikohozi chake cha uani. Kisha akageukia meza, akampa mgongo kabisa, akachukua sinia la chuma akaliweka chini kwa kishindo. Akafungua bomba, akalifunga. Akagonganisha vyombo kidogo. Akasubiri. Akavigonganisha tena. Kipaza akasimama pale pale, mkoba umebanwa kifuani, akisikiliza kipimo chake kikipigwa kama ngoma ya sinia. Ndipo alipoelewa jambo lililomkata maini: huyu mtoto anajua. Anajua siku zote. Yeye ndiye aliyepitia waliopimwa zamani ili waitwe, na mama mkwe wake hakumwona miongoni mwao. Alijua, akameza, kwa sababu hakuna mdomo wa kumwambia mama mkwe neno kama lile.

Baada ya muda ufaao, mkwe akasema kwa sauti ya kazini, ya kusikika nje, "Haya mama, tayari. Asante."

Akatoka. "Vipi?" wakauliza wote kwa pamoja.

"Nani kasema vipi? Si niliwaambia?" Sauti ilitoka, sijui hata ilitoka wapi. Benchi zima likanyanyuka.

Mama Mkaa aliingia wa pili, na hakutoka upesi. Muuguzi wa mapokezi, msichana mwembamba mwenye kazi ya kuandikisha watu na kuwapanga foleni, akaja mbio akamshika Kipaza mkono. "Anakutaka ndani. Ameonekana na weupe. Bahasha imetoka ya joto, atatibiwa sasa hivi, lakini anasema halali mpaka wewe uwe naye, kwa sababu wewe unapajua."

Unapajua! Kipaza akaenda, na safari hii akalivuka pazia.

Mama Mkaa alikuwa chali, magoti juu, shuka la kijani limefunika mapaja, ile miraba minne yote imekuwa ndogo. Taa ya shingo ndefu ilikuwa imeinamishwa. Pembeni kulikuwa na kioo kidogo kinachoonyesha picha, sehemu ya utafiti, ili kila doa lihifadhiwe na wataalamu wengine waliangalie. Kipaza akakitupia jicho kabla hajajizuia. Aliona kitu cha duara, chekundu kama ndani ya shavu, na ubavuni mwake utando mweupe, kama maziwa yaliyoganda. Kadogo tu. Kadogo namna ile. Kumbe na dada yake alianza na kadogo namna ile, na siku hizo walikuwa wakicheka, wakisuka nywele, wakigombania kioo.

"Nishike," Mama Mkaa akasema.

Akamshika. Mkwe alifanya kazi yake bila kuinua macho, akieleza kila hatua kabla hajaigusa. Kifaa kilikuwa na ncha ndogo inayopata moto. Muda wenyewe haukuwa mrefu, kama wa kusubiri chai ichemke mara ya mwisho, lakini Mama Mkaa aliuminya ule mkono mpaka pete ya Kipaza ikamwuma mwenyewe.

"Glasi gani hii unayosuuzaga wewe?" akanong'ona, machozi pembeni ya macho. "Ulisema haiumi."

"Inaisha, shoga yangu. Inaisha."

"Na yako leo imetokaje? Safi?"

Mkwe akatuliza mkono. Ni kidogo tu, mtu mwingine asingeona.

"Safi," Kipaza akasema.

Tangu hapo akilala anaona ule utando mweupe. Akiamka anausikia mkono wa Mama Mkaa. Alichukua chombo chake akaenda sokoni, akakiweka mdomoni, akasema, "Mama zangu," na maneno yaliyofuata yakamgomea. Akasingizia betri.

Siku moja alasiri alikuwa uani anaanika mashuka ya binti yake. Binti mwenyewe alikuwa kazini. Kikohozi kikasikika. Kipaza akajiweka sawa, akasubiri apite. Hakupita. Akasimama ng'ambo ya kamba, shuka jeupe likiwa katikati, miguu yake tu ndiyo inaonekana, viatu vya kazini vimefungwa kamba vizuri.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mke wako hajarudi."

"Najua." Kiatu kimoja kikasogea. "Mama, nina neno, naomba nilisemee hapa hapa, usitoke."

Kipaza akashika shuka kwa mikono miwili kama mtu anayezuia ukuta usianguke.

"Siku ile nilikosea," mkwe akasema. "Nilitaka kukusitiri mbele ya watu. Lakini sikuandika chochote, na sitaandika. Siwezi kuupa utafiti kitu ambacho macho yangu hayakukiona. Kwenye utafiti wewe hujapimwa. Hujawahi."

"Na nani kakwambia mimi nataka kupimwa?"

"Hakuna."

"Basi."

"Marehemu mama mkubwa wa mke wangu..." Akasita. "Mke wangu ameniambia alivyougua. Ni dada yako wa tumbo moja. Mama, mimi siwezi kukupima, hata nikiamriwa siwezi. Lakini nikiendelea kunyamaza nitakuwa nakuua kwa adabu."

Hakuna mtu aliyewahi kusema naye hivyo, hata marehemu mumewe. Ulimi ulimwasha. Alikuwa na majibu kumi ya kumtoa nishai kijana yule, yote makali. Akazidi kulikamata shuka.

"Jumatano sitakuwepo," sauti ng'ambo ya shuka ikaendelea. "Nimemwomba Profesa alete mtu wa hospitali kubwa ashike zamu yangu na aikague kazi yangu. Atakuja tabibu mwanamke. Siku moja tu."

"Mke wako umemwambia?"

"Sijamwambia. Hilo ni lako."

Viatu vikageuka, vikaenda. Kipaza akabaki ameshika shuka mpaka upande alioushika ukawa haukauki.

Jumatano akavaa gauni lake la kutokea. Akalivua, akavaa la kawaida, asije akaonekana amejiandaa. Mpango wake ulikuwa mwepesi: awahi kabla ya watu, aingie, atoke. Lakini watu walishasikia kuna tabibu mgeni na kila mwenye lake alikuja nalo. Benchi limejaa. Mama Mkaa yupo, amekuja kuuliza habari ya yale majimaji yanayotoka baada ya tiba. Na tabibu mgeni, mwanamke mfupi mwenye miwani, si mtu wa mzaha, alikuwa ameitoa meza nje ya chumba, pale pale ukumbini, anawahoji watu mmoja mmoja masikio ya wote yakiwa wazi.

"Anayefuata. Mara ya mwisho kupimwa lini?"

Kipaza akamwinamia, akasema chini chini, "Ndiyo nimekuja kupimwa."

"Nimekuuliza mara ya mwisho."

Kabla hajajibu, Mama Mkaa akajibu kwa niaba yake, kwa nia njema kabisa. "Huyo si wa kupimwa, daktari! Huyo ndiye anayetuita. Alipimwa juzi juzi tu, yuko safi. Mimi nilikuwepo!"

"Ndiyo, wa kwanza wetu," mwingine akaongeza.

"Kama umepimwa juzi na uko salama," tabibu akasema, kalamu imeshaelekea kwa mwingine, "hakuna haja. Rudi baada ya mwaka, mama. Anayefuata!"

Na mwanamke wa nyuma akasogea kweli, akamgusa kwa bega ampishe.

Hapo ndipo maji yalipomfika shingoni. Kunyamaza tu kungetosha. Angesema "Asante daktari" na kuondoka na heshima yake yote, hakuna aliyemtilia shaka, wote wanamtetea. Uongo wake haukuwa umewahi kuwa mzima na mnene kama asubuhi ile. Umesimama mlangoni, umemzuia asiingie. Kesho zamu ni ya mkwe, na kesho kutwa, na siku zote. Akatazama ule mlango wa bluu, rangi yake imebanduka kwa mikono ya wanawake aliowaleta yeye.

"Sijapimwa," akasema.

"Unasemaje?"

Akasema kwa sauti yake ile ya sokoni, maana nyingine hana: "Nasema sijapimwa! Si juzi, si zamani. Sijawahi kulala kwenye kitanda hicho tangu mama yangu anizae!"



Mama Mkaa akasimama taratibu. "Rudia."

"Umesikia."

"Nimesikia, nataka nisikie vizuri. Mkono wangu uliushika, ukaniambia inaisha. Ulijuaje kama inaisha?"

"Sikujua."

"Na zile glasi?"

"Niliziokota tu mdomoni."

Mwanamke mmoja, mshonaji wa mashati ya shule, akachukua mkoba wake. "Miaka yote hii!" akasema, akaondoka, na viatu vyake vikasikika mpaka nje ya geti. Hajarudi kuongea na Kipaza mpaka leo, wala hana kosa.

"Hebu ngoja," akadakia mwingine, mzee kidogo. "Juzi si uliingia tukikuona? Mlikuwa mnafanya nini humo ndani na mkweo?"

"Mlitaka afanye nini?" Kipaza akawaka. "Mimi nimempa mgongo, yeye kanipa wake, tumesimama kama nguzo mbili za umeme! Msimwingize yule mtoto. Hakuandika uongo wowote. Mwongo ni mimi, peke yangu, na mnitukane mimi."

Kwanza hakuna aliyecheka. Kisha mmoja akaguna puani, mwingine akaziba mdomo kwa mtandio, na picha ya nguzo mbili ikawashinda. Kicheko kilipita benchi zima. Tabibu hakucheka. Mama Mkaa hakucheka.

"Umri?" tabibu akauliza.

"Arobaini na... andika arobaini na tisa."

"Ingia."

Kitanda kilikuwa kirefu kuliko alivyokuwa akikisimulia, na baridi yake ikapenya shuka. Dari ilikuwa na doa la maji. Kifaa cha kufungulia, chenye mdomo kama wa bata, kilimfanya ashike kingo za kitanda. Alikuwa amewaambia wanawake wangapi walegeze mwili? Yeye mwili ulikuwa mbao. Tabibu akapaka siki, akasubiri, akainamisha taa. Kusubiri kule hakukuwemo kwenye maneno yake ya sokoni. Hakuwahi kujua kwamba kuna kusubiri.

"Kuna weupe," tabibu akasema. "Upande wa juu, si mkubwa. Si saratani kwa ninavyoona. Unatibika leo hii hii."

"Nimechelewa?"

"Hujachelewa. Lakini usingekuwa na miaka mingi ya kuchezea."

Wakamweleza utafiti, yeye ambaye aliueleza mtaa mzima, na safari hii akasikiliza. Akakubali. Bahasha ikafunguliwa: baridi. Muuguzi wa mapokezi akavuta mtungi wa gesi.

"Naomba mtu," Kipaza akasema. Kusema neno hilo kulimgharimu kuliko yale ya ukumbini. "Muulizeni Mama Mkaa. Akikataa, basi."

Muuguzi akatoka. Akakawia. Pazia likasogea, Mama Mkaa akaingia na uso wake mkavu, akasimama upande wa kichwani mikono ameikunja.

"Nimekuja kukutazama tu," akasema. "Sijakusamehe."

"Sijakuomba unisamehe."

Gesi ikaanza kuvuma. Baridi iliingia mahali ambapo Kipaza hakujua kama panaweza kusikia baridi, kisha ukafuata msokoto wa tumbo, kama uchungu wa kuzaa uliokuja bila mtoto. Hawezi kuinuka, hawezi kugeuka, hawezi kupiga kelele, ukuta ni karatasi na mtaa mzima upo nje. Akauma mdomo. Mkono wake ukapapasa hewani kama wa kipofu.

Mama Mkaa akauangalia ule mkono unavyopapasa. Akauacha kidogo upapase. Ndipo akatoa wake, mzito, mistari yake imejaa mkaa usiotoka kwa sabuni yoyote, akaushika.

"Ni kama kusuuza glasi, eh?"

"Nyamaza wewe."

"Unaingia, unatoka, unawahi kupika."

"Nikishuka hapa nitakupiga."

"Shuka kwanza."

Kile chombo cha kupazia sauti alikirudisha mwenyewe kwa Profesa, kabla hajaombwa, akamwambia sababu kwa mdomo wake. Profesa alikunja uso, akasema atafikiri. Mpaka sasa bado anafikiri. Binti yake alipoambiwa alilia, kisha akanuna wiki nzima, kisha akaanza kumpikia uji bila kusemeshana naye. Mama Mkaa amerudi kumsemesha, lakini kila akimwambia kitu anamalizia, "Kweli au ya glasi?" Na kwa kuwa tiba haimaanishi madoa hayawezi kurudi, ana mwaka mzima wa kukaa na kusubiri, nyumba ile ile, ua ule ule, mlango ule ule mmoja.

Jioni ile aliyotibiwa alikuwa amekaa kizingitini kwa chumba chake, chupa ya maji moto tumboni, kikohozi kikasikika. Akajifunga vizuri. Mkwewe akapita, uso chini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Akafika kwenye mlango wa nyumba, akasimama, hakugeuka. "Tarehe ya kurudi wamekupa?"

"Wamenipa."

"Usikose, mama."

"Akose nani?" Kipaza akasema. "Mimi?"

Akamwacha aushike mlango, aanze kuufungua, ndipo akamwongezea, si kwa sauti ya sokoni:

"Siku hiyo uombe tena ruhusa."

"Nimeshaiomba," mkwe akasema, akaingia ndani.